Stesheni ya Mtondogoo

Mume wangu Idi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tabora hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua binti. Ya magoti yangu tuyaache. Neno geni unalonitumia kwenye simu kila asubuhi nawagawia majirani tukichambua mchele.

Umeuliza ni neno gani nililolipenda kwanza. Tulikuwa tukikaa Kigwa, karibu na stesheni ya treni, nami mdogo. Baba alipanda treni kwenda kazini, akaniambia, "Nitarudi mtondogoo." Nikadhani ni stesheni. Kila treni iliposimama niliwauliza abiria, "Baba yangu mmemwacha Mtondogoo?" Wakacheka, mpaka mama mmoja muuza karanga akaniketisha. "Si mahali, mwanangu. Baada ya kesho kutwa ni mtondo, na baada ya mtondo ndiyo mtondogoo."

Nikaacha kulia. Kumbe siku ikiwa na jina, mtu anaweza kuingoja.

Wewe huko Dar huniambia, "Nitakuja siku moja, bibi." Siku hiyo naitafuta, siioni. Kesho asubuhi usihangaike kutafuta neno geni. Nitumie mtondogoo.

Ni mimi mkeo mzee,
Bibi