Dokta Kondo Kafika Mtoni

Tunu uko wapi?? Marijani wetu kajifungia stoo huku ukumbini Mtoni, hataki kutoka 😭

Si leo ndo mashindano ya kuunda maneno? Vijana wametoka Kenya, Malawi, mpaka Zambia, herufi ziko mezani, ila bila mgeni rasmi kufungua hakuna kucheza. Na Marijani, aliyepangiwa kumpokea, alichopewa ni jina tu: Dokta Kondo. Kutwa getini, roho juu.

Kashuka baba mmoja, suti, tai, viatu vinang'aa. Marijani kamkimbilia, kamvisha shada, kampa maiki. Na yule baba alivyoongea! Kafungua mashindano, ukumbi mzima makofi.

Tunu, yule ni MC wa harusi ya ukumbi wa jirani. Kakosea mlango. MC wa harusi!!

Subiri, hiyo ndogo.

Kabla yake alikuja mama mmoja na bajaji, kitenge na kandambili. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mimi ndiye..." Marijani hakumwacha amalize. "Chai ni huko nyuma mama, wenzio wanakusubiri."

Na akaenda!! Kagawa chai na maandazi meza kwa meza, anacheka na watoto. Marijani naye kaletewa kikombe. Kaonja, kamwambia, "Ongeza sukari."

ONGEZA SUKARI, Tunu.

Bernadeta wa kamati, mwenye namba yake, ndo akaamua kumpigia simu Dokta Kondo. Simu ikaita kwenye meza ya chai.

Sasa hivi mama kasimama nje ya stoo, anagonga taratibu.

"Fungua mwanangu. Sukari nimeleta."