Niambie Mwenyewe

Quimperlé, 6 Oktoba

Mwanangu Ronan,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu hayataki utani. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha?

Hapa nyumba ya wazee wananiheshimu mpaka nachoka. "Kaeni, bibi. Mngependa kula, bibi?" Kwa wingi, kana kwamba marehemu baba yako bado yuko ubavuni mwangu. Yeye Fañch wangu hakuniomba kitu maisha yake yote. "Sogea. Onja. Njoo ulale, mwanamke, taa inakula umeme." Leo sina wa kuniambia sogea. Supu yao siigusi.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, mosi Novemba, inakaribia. Nipeleke makaburini nimwekee baba yako maua.

Mama yako

Toulouse, 14 Oktoba

Mama,

Hujambo? Kikohozi kimepona, kazi ndiyo inaniua.

Sikia. Kula supu. Acha ukaidi. Usimsumbue Bi Tanguy, ndiye mkuu wa hapo na anafanya kazi yake. Siku ya sikukuu vaa koti, kaa mlangoni, ningoje. Nakuja.

Mwanao Ronan

Quimperlé, 19 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako imefika, nami leo sijambo kuliko jana. Supu nimeimaliza, mbaya vilevile, kwa sababu umesema kula. Bi Tanguy kashangaa. Nikamwambia kwetu anayekupenda hakuombi. Koti nimelipiga brashi.

Mama yako anayengoja

Toulouse, 9 Novemba

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Naomba radhi kwa dhati. Kazini hawakunipa ruhusa, na nilipiga simu hapo wakufahamishe. Iwapo hutajali, tungeweza kupanga tena baada ya Krismasi.

Wako, Ronan

Quimperlé, 15 Novemba

Ronan,

Leo sikuulizi hali, sina moyo huo. "Iwapo hutajali." Ndivyo anavyoniandikia mtu wa bima.

Ni kweli Bi Tanguy alikuja mlangoni. "Tafadhali msingoje, bibi, ingieni ndani." Sikuinuka. Aliyesema ngoja ni wewe, na mgeni hawezi kulitengua neno la mwanangu. Jioni wakanibeba na kiti changu. Kesho yake nikarudi, na bado narudi. Mzee Corentin, mwenzangu humu, ananiita mlinzi wa geti. Baridi imeniingia kifuani.

Usiniombe radhi. Niambie mwenyewe: njoo, au acha kungoja. Lolote utakalosema nitalitii.

Mama

Quimperlé, 11 Desemba

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Nimefika. Bi Tanguy kanipokea kwa upole mkubwa: "Ingieni, bwana. Kaeni." Kanikabidhi koti lako. Anasema kifua kilikubana, na hata kitandani ulikataa kulivua. Kila asubuhi uliulizia posta.

Kalamu niliishika mara nyingi. Kukuambia njoo, sikuwa na pa kukuweka. Kukuambia acha kungoja, mkono ulikataa. Nikanyamaza, nikajidanganya kuwa hiyo ni huruma.

Kesho tunakulaza kando ya baba. Maua nimenunua, yamechelewa pamoja nami. Barua hii naitia mfukoni mwa koti, nawe utalivaa.

Tangu nifike kila mtu ananiheshimu, na siwezi kuvumilia. Nifokee, mama. Niambie funga mlango, baridi inaingia. Niambie hata nyamaza.

Acha kungoja, mama. Lala.

Mwanao