Sahihi yangu ya mafunzo ya mafua

Firdausi, upo? Sikia yaliyonikuta leo.

Mkaguzi wa serikali kaja zahanati, kasoma majina ya wahudumu wa afya wa kijiji waliofundishwa kujiandaa na mlipuko wa mafua. Langu limo! Na sahihi yenye mikunjo kama ya mwalimu!

Sahihi, Firdausi! Ya mwaka juzi! Mwaka juzi mimi si nilikuwa naweka dole gumba? Kuandika nimejulia darasa la jioni hapa Kasulu mwaka huu.

Mganga wa zahanati akaninong'oneza, "Mama Nurudini, itikia tu, ni karatasi."

Nikamwambia, "Mafua yakija, karatasi ndiyo itahudumia wagonjwa?"

Nikasema Bismillahi, nikaandika chini ya sahihi ile: SIKUFUNDISHWA.

Mkaguzi akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwake. Faili lilikuwa mezani, Firdausi. Kwa nini mfukoni?