Hapa Hakuna Mbasela

Jumanne, 28 Oktoba 2008

Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Tena. Gauni la mke wa mchungaji. Mwili ulikuwa kwenye cherehani, mwenyewe nilishafika mbali: mama amekaa kwenye kiti chenye mgongo, feni inazunguka juu yake, kitenge kinampepea begani, mbele yake sahani ya chipsi kuku. Anacheka. Sindano ikaendelea yenyewe. Nimefumua mpaka jioni.

Ni huu mgahawa mpya ng'ambo ya barabara. Una mlango wa kioo, basi watu wanauita Kwa Kioo. Mlango ukifunguka, harufu ya kuku inapita juu ya malori yaliyopanga foleni ya kuingia Zambia, inakuja kukaa kwenye vitambaa vyangu. Mteja mmoja kaniambia nguo zangu zinanukia sikukuu.

Mama anakuja Jumatatu. Wiki moja. "Kuangalia tu," alisema kwa simu ya jirani. Kiangazi hiki alianguka njiani akitoka kisimani kule Isongole, akalala hapo hapo mpaka akapita mtu. Tangu baba afariki anaishi peke yake na kuku wake. Nataka ahamie kwangu. Vyumba viwili vinatutosha. Hataki. Anasema Tunduma watu wanauza hata salamu.

Nina wiki moja ya kumwonyesha kwamba si kweli. Naogopa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda Kwa Kioo kupaonja kabla ya mama.

Nikakaa. Hakuja mtu. Mhudumu yupo, ameegemea ukuta, anaangalia nje kama anayesubiri gari. Nikapunga mkono. Akaniambia kwanza nilipe kaunta. Kaunta, bwana mwenye tai akaniambia kwanza nichague meza. Nilishachagua meza! Nikarudi, nikakuta mtu kaikalia.

Chipsi zimekuja za baridi. Nikaomba tomato, inalipiwa. Kachumbari, inalipiwa. Kukaa ndani kunalipiwa pia, kwa sababu ya feni. Feni haikuzunguka hata mara moja. Nikauliza kwa nini. Bwana wa kaunta akasema nalipia feni, silipii upepo.

Nilipotaka kutoka nikajaribu utani. Nikamwuliza yule mhudumu, "Na mbasela je?"

Neno hilo tumelichukua kwa wateja wetu wa Zambia. Mbasela ni kile kidogo cha juu, baada ya kipimo. Gao la kupimia maharage likijaa, muuzaji anakuongezea kiganja. Mimi kila gauni natoa na kipande cha kitambaa cha kufungia kichwa. Silipwi, wala hakuna anayeniomba. Ndivyo tunavyouziana hapa, na mteja hurudi.

Hakuniangalia. "Hapa hakuna mbasela, dada."

Nimekasirika mpaka sasa. Mlango wa kioo ulinigonga kisigino.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeota Kwa Kioo. Meza zinaelea. Maji ya rangi ya chai. Mama yuko meza ya mbali, anakuja polepole na maji, na kila anaponikaribia bwana wa kaunta anamwuliza amelipia mawimbi? Mama anapapasa upindo wa kitenge chake. Hana kitu. Maji yanamrudisha.

Niliamka nikakuta ukungu umeshuka mpaka barabarani. Malori hayaonekani, zinaonekana taa tu. Nilikaa barazani muda mrefu bila kugusa kazi. Sikuwa na hakika kama nimeamka sawasawa.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani nimesali vibaya. Nilikuwa nawaza kuku.

Ningeweza kupika nyumbani. Lakini nilishamwambia habari ya feni na mlango wa kioo, naye bila shaka ameshawaambia Isongole nzima. Tena si suala la kuku. Nataka aingie mahali, mtu amwambie karibu bibi, keti. Nataka auone mji ukimpokea.

Nimepata akili. Baada ya ibada nimevuka barabara, nikamwomba bwana wa kaunta anitajie kila kitu kinacholipiwa, mpaka hewa. Nilipe kabla. Siku ya mama asitaje hela hata kidogo. Akasema hakuna shida, mteja ni mfalme. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Ana mwanya.

Nimelipa. Ijumaa mchana, watu wawili, na feni iwashwe.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimempokea mama kituoni Mpemba, pale gari la Isongole linaposhushia. Vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Amepungua. Nilipomkumbatia nilisikia mifupa ya mabega na nikataka kulia.

Amekuja na kikapu chake cha mianzi, alichosuka baba. Ndani ndizi mbivu, zimefunikwa na majani yake. Nikasema zote hizi za nini? Akasema nitajuaje nitakaowakuta.

Jumatano, 5 Novemba

Mama anakaa kigodani nyuma ya cherehani yangu, anaangalia malori. Anauliza yanabeba nini. Sijui. Anauliza madereva wanalala wapi. Humo humo. Anasikitika.

Asubuhi alimsalimia kila aliyepita. Wengine walipita tu. Anahesabu waliomwitikia, hasemi, lakini namwona. Leo hesabu yake si nzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui nianze wapi.

Mama alivaa kitenge cha kanisani. Tukavuka. Mlango wa kioo ulimshangaza, akamsalimia mwanamke aliyemwona ndani yake, akagundua ni yeye, akacheka sana. Feni ilikuwa inazunguka! Kitenge kilipepea begani. Kile nilichokiona kwenye cherehani, kilekile. Mhudumu ni yule yule. Akasema, "Shikamoo bibi, karibuni." Nadhani aliagizwa, lakini alisema.

Kisha mama akamkabidhi kikapu.

Kumbe alikuja nacho chini ya khanga. Sikukiona. Kwetu huingii mara ya kwanza kwenye jiko la mtu mikono mitupu. Hata kwa mama ntilie wa Isongole, unalipa chakula chako kama kawaida, na siku ya kwanza unampelekea kitu. Akasema, "Pokea, mjukuu wangu. Zimetoka kwangu." Mhudumu alizubaa. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama mtoto aliyelelewa.

Tukala. Mama alikula taratibu, chipsi moja moja, akaniuliza viazi vimelimwa wapi. Alicheka. Nataka nikumbuke kwamba alicheka.

Alipomaliza akasimama, akakusanya sahani zetu, akaelekea jikoni. Nikamwita. Akasema nitakula kwa mtu nimwachie vyombo? Hilo nalo ni la kwetu. Unamwoshea mwenye jiko, mkiongea. Nikamfuata, niko mlangoni nimesimama kama mlingoti. Ameshaingiza mikono kwenye karai, mhudumu kando yake anasuuza. Kwa muda mfupi amejua mengi kuliko niliyojua mimi wiki nzima: anaitwa Anitha, kwao Galula, sahani ikivunjika anakatwa yeye, na tangu asubuhi hajakaa. Anitha alikuwa anacheka. Sikujua kama ana meno.

Ndipo bwana wa kaunta akanifuata na sauti yake. Kuna chakula kimeingizwa kutoka nje. Ndizi. Kuna tozo.

Nikamnong'oneza kwamba si chakula chetu, ni zawadi, tena ameipokea mhudumu wako. Akasema utaratibu ni utaratibu, kimeingia mlangoni ni cha nje. Hakunong'ona hata kidogo. Nikalipa haraka ili anyamaze.

Mama aligeuka. Povu mikononi. "Ndizi zangu zimelipiwa?"

Akajifuta mikono. Akamwambia Anitha asante. Kikapu hakukidai. Tumevuka barabara.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama anafungasha. Anaondoka Jumatatu na gari la asubuhi.

Nilijaribu. Nilisema yule ni mtu mmoja, Mama, asiye na adabu, usiuhukumu mji mzima. Akakunja kitenge cha kanisani mara nne. Akasema kuuza si vibaya, yeye mwenyewe anauza maharage. "Lakini mahali ambapo hata kutoa unalipia, mimi nitaishije, Sekela? Nitampa nani kitu?"

Nikamkumbusha alivyoanguka. Akasema Isongole mtu alipita.

Namchukia yule bwana. Nimeandika na nimetulia, namchukia. Najichukia na mimi pia, na feni yangu.

Nimeshona vifungo vinne vya shati moja, vyote upande mmoja, na matundu upande huo huo.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Mama alikaa mlangoni anainusa. Alisema udongo wa huku nao unanukia vizuri, kisha akarudi kukunja nguo, kama aliyejikwaa.

Jioni, giza halijaingia, hodi. Anitha. Amelowa. Mkononi kikapu cha baba, amekifunika na gauni lake la kazi kisilowe. Akamwamkia mama kwa kupiga goti kabisa, hapo hapo kwenye matope ya kizingiti.

Kikapu hakikuwa kitupu. Paja la kuku kwenye karatasi, chipsi, na kichupa cha soda kilichojazwa tomato mpaka shingoni. Tomato! Ile inayolipiwa! Nikauliza bosi anajua? Akasema paja ni chakula chake yeye cha leo, hakukila. Tomato amekinga kidogo kidogo. Bosi mwenyewe amekula ndizi, amekula nyingi, akauliza kama zipo nyingine.

Akakikabidhi kikapu. Alikuwa anaona aibu, alinitazama mimi, kisha mama.

"Mbasela ya bibi," akasema.

Mama hajui neno hilo. Nikamweleza. Kile cha juu, baada ya kipimo. Akakiangalia kikapu. Akalirudia neno vibaya, kwa lafudhi yake ya Kindali, Anitha akacheka, wakacheka wote wawili. Kisha mama akamvuta ndani, akamkausha kichwa kwa khanga yake, na lile paja akamlisha mwenyewe, mbele yake, mpaka mfupa.

Anitha alipoondoka mama alikitundika kikapu kwenye msumari. Akakitoa. Akakitundika tena. Amekwenda kulala na hajafunga begi.

Jumatatu, 10 Novemba

Gari la Isongole limeondoka. Sisi bado tuko kwenye chai.

Sikumwuliza. Aliongea mwenyewe, kama anayeongea na kikombe. Kikapu kimerudi na kitu, basi na yeye anadaiwa jibu, na hawezi kukirudisha kitupu, na hapa hana hata mgomba. Kwa hiyo itabidi tupite sokoni.

Nilinywa chai. Iliniunguza ulimi, nikanywa tu.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Kazi hakuna, nimekaa dirishani. Malori yamesimama kwenye ukungu, yanaonekana nusu nusu. Harufu ya kuku haifiki leo, inanuka ardhi tu.

Kikapu hakipo kwenye msumari. Kiko ng'ambo. Kilikwenda na karanga za kuchemsha. Mara ya mwisho kilirudi na sukari kwenye kikaratasi. Jumapili Anitha akipata ruhusa huja kukaa kwenye kigoda, miguu kwenye karai la maji ya moto, na mama humkemea kwa viatu vyake. Kwa Kioo wanaendelea kutoza feni. Sijaingia tena na sitaingia.

Mama hajasema kama anabaki. Begi lake liko chini ya kitanda. Juzi ametuma salamu Isongole, jirani awatunze kuku kwa sasa. Kwa sasa, alisema.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya choo na ukuta wa jirani, kile kipande ambacho nilikuwa natupia maji. Amejifunga gunia mabegani. Anachimba kwa kisu changu cha jikoni. Nikauliza anafanya nini na mvua hii.

Anapanda maboga.

Nikarudi ndani nikaketi. Maboga yanachukua miezi.