Nyasi za Manjano Kivulini

Mjukuu wangu Talaso,

Habari ya huko Eldoret? Sisi hapa Wabera tuko salama, na shangazi yako amejifungua msichana.

Umeuliza kwa nini sing'oi zile nyasi za manjano kivulini, kando ya ukuta. Ni za urembo. Hiyo ndiyo rangi yake, na juani zingeungua.

Mwaka tuliooana, babu yako alikuja kunisalimia kutoka Korbesa, alikochunga ngamia. Akaziona, akadhani zimekauka, akaanza kuzimwagilia kila jioni.

"Siondoki mpaka ziwe kijani," akasema.

Mimi nilijua haziwezi kuwa kijani. Sikumwambia; nikamletea maji.

Tangu tumzike nazimwagilia peke yangu. Bado hazijawa kijani, mjukuu wangu, na alisema hataondoka.

Nyanya yako