Sifuti Niliyoandika

Kambi ya Nne,
S.L.P. 318,
Kericho.
14 Juni 2024.

Mpendwa Mjomba Eliakim,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Joab aliniambia sasa unafika kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na mahindi ya Ndhiwa, yamepata mvua au imewapita tena? Sisi tu wazima. Beverly ameanza kunifikia begani na viatu vyangu anavaa bila kuomba.

Ujumbe wako niliupata. Unasema nimwombe meneja msamaha, niandike kwamba nilikuwa na hasira, nifute maneno yangu ili nirudishwe ndani ya kiwanda, kwa sababu mwenye mtoto hachezi na kazi. Nimekaa na ushauri huo wiki nzima. Jibu langu ni hapana, Mjomba. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, nataka upate habari kutoka kwangu, si kutoka kwa watu.

Unajua vile majani ya chai huwa mwezi wa nne. Yanafika yamelowa, yanajikusanya juu ya rola za kukata, mashine inakwama. Sheria ni kuzima, kumwita fundi, afungue kifuniko cha chuma, atoe majani, afunge tena. Inachukua nusu saa, na nje malori yamepanga foleni. Kwa hivyo Kiptum, msimamizi wa zamu yetu, alileta spana akakitoa kile kifuniko kabisa, tuwe tunasukuma majani kwa kijiti mashine ikizunguka. Mimi nilimshikia bolti. Zilikuwa nne, nikazitia mfukoni mwa ovaroli.

Usifikiri alitulazimisha. Kiptum si mtu mbaya. Tulijadiliana kama dakika mbili, watu wanne, na hakuna aliyetaja mkono wa mtu. Tulisema tu kazi itaenda haraka. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya tatu nilikuwa nasukuma huku napiga stori. Kila zamu iliyoisha salama ilituambia hakuna hatari, na sisi tukaiamini.

Nelvine alikuwa likizo wakati huo. Ni yule jirani yangu, mke wa Kimutai, aliyekaa na Beverly nilipolazwa. Aliporudi kazini aliuliza kifuniko kiko wapi. Mimi ndiye niliyemjibu.

"Utazoea," nikamwambia.

Hakuzoea. Siku ya tano tangu arudi kijiti chake kiliteleza, glavu ikashikwa. Hakupiga kelele. Nilisikia mashine imebadilisha sauti, nikageuka, nikamwona anavuta mkono kwa nguvu zote, uso umekuwa wa majivu. Nilipiga swichi nyekundu. Vidole vitatu vilikuwa vimeshaenda.

Kesho yake kifuniko kilikuwa mahali pake, kimepakwa rangi mpya. Meneja akaniita ofisini. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Ilisema Nelvine alikitoa kifuniko mwenyewe bila ruhusa na mimi niliona. Kiptum alikuwa ameketi kando, anaangalia viatu vyake. Yeye alikuwa ameshasaini.

"Molly, ni kusaini tu," meneja akasema.

"Kama ni kusaini tu, saini wewe."

Alinikumbusha kwamba nyumba ninayolala ni ya kampuni. Akakutaja na wewe pia, kwamba Eliakim aliacha jina zuri hapa na nisilichafue. Nikaomba karatasi tupu. Niliandika kwamba bolti nilishika mimi, kwamba tulikubaliana watu wanne, kwamba Nelvine hakuwepo, na kwamba alipouliza nilimnyamazisha kwa neno moja. Nikaandika nakala mbili. Moja nikaiacha mezani pake, nyingine Kimutai akaipeleka ofisi ya serikali ya mambo ya kazi huko mjini.

Kesho yake nilitolewa ndani, nikapewa kikapu nikachume majani. Mvua inanipiga, mgongo unauma, na wengine walikuwa wanavuka barabara wakiniona. Sawa. Nilichuma.

Jumanne iliyopita mkaguzi wa usalama alifika. Alituita wote wa zamu ile, akatupanga mbele ya mashine, akauliza nani alitoa kifuniko. Nilikuwa karibu kurudia yangu, ndipo Kiptum akatoa kofia akasema aliyoandika Molly ndiyo kweli, na kwamba yeye alisaini kwa uoga. Sasa mashine imewekewa swichi, kifuniko kikifunguka inazima yenyewe. Kesi ya fidia ya Nelvine itasikizwa mwezi ujao. Ndiyo maana meneja anataka sana hasira yangu iwe kwenye maandishi, ushahidi wangu usiaminiwe. Hataipata.

Umesema enzi zenu mlifanya bila kifuniko na hamkufa. Hapo, Mjomba, nivumilie. Mama alinisimulia kuhusu rafiki yako Mochama, vile ulimbeba mgongoni hadi zahanati na mkono wake umefungwa kwa shati lako. Alisema pia kwamba wiki hiyo uliletewa karatasi, ukasaini, na Mochama akarudi kwao Kisii mikono mitupu. Sikulaumu. Ulikuwa peke yako na sisi wote tulikula kwa mkono wako. Lakini usiniambie nifanye vile vile.

Ninakuomba kitu kimoja. Yaandike yaliyompata Mochama, yote, na jina lako chini. Nitayapeleka mjini mwenyewe.

Nisalimie Shangazi Moureen, Joab na wote wa nyumbani. Beverly anasema umwekee njugu. Mungu akutunzie goti hilo, na mkono unaoandika.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Molly Ajwang