Humu Ndani Hakuna Kifaransa

Dada Zuhura,

Shikamoo, na baridi ya Brussels nayo inakuamkia. Jana nilikula sombe, kisamvu chao, hapa Ixelles kwa Maman Yvonne, Mkongo aliyenipa chumba. Mgeni mmoja mezani akaanza Kifaransa, Maman akamkatiza: "Humu ndani hakuna Français! Ukitoka ku mulango, bon, sema yenye unataka. Donc, kula!" Tulicheka mpaka naye akazisikia "bon" na "donc" zake za Kifaransa.

Palepale nikapata nilichokitafuta wiki nzima. Si unajua nimekuja kuwaonyesha waandishi wenzangu wa programu kile kifaa changu? Kinasaidia kutunga amri inayotawala kipande kimoja tu cha programu. Kipande kikifungwa, amri nayo imekoma. Hakikuwa na jina, na maelezo yangu yaliwachosha watu. Leo nimewasimulia meza ya Maman, nikakiita "humu". Wamekipokea, dada! Mholanzi mmoja anazunguka ukumbini akisema "humu, humu" kama njiwa.

Basi humu kadini hakuna zile hasira ulizoniaga nazo. Ukimaliza kusoma, bon, nuna unavyotaka.

Mdogo wako akupendaye,
Salma